Mama Anatimiza Miaka 60 na Baba Hayupo: Je, Tukate Keki?



Leo sijaja na somo la katekisimu wala maelezo ya sikukuu. Nimekuja na swali lililotusumbua nyumbani kwetu, hapa Bariadi, mwezi Novemba mwaka 2024. Nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu ndani yake kuna mambo ambayo mimi mwenyewe nilikosea.

Swali ni hili. Mtu amefiwa na mwenzi wake wa ndoa. Miezi inapita, siku yake ya kuzaliwa inafika, tena siku kubwa, anatimiza miaka 60. Je, ni haki kumfanyia sherehe? Akicheka siku hiyo, amemsahau marehemu? Akilia, amekosa shukrani kwa Mungu aliyemfikisha hapo? Na sisi watoto wake, nani ametupa mamlaka ya kumpangia ajisikie vipi?

Usiseme haraka kwamba hilo ni swali la wazee. Wengi wetu tunaosoma hapa tuna mzazi mmoja tu aliyebaki. Na wengi wetu ndio tunaoshika simu, tunaoanzisha magrupu ya WhatsApp, tunaochangisha michango. Kwa hiyo swali ni letu.

Ilivyoanza

Baba yetu alifariki mwezi Machi 2024. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, akarudi kwenye pamba kama wazee wengi wa Simiyu. Siku tunamzika, pamba yake ilikuwa shambani, imeanza kufunga vitumba. Ile pamba Mama aliivuna mwenyewe, sisi tukimsaidia wikiendi, na akaiuza msimu ulipofunguliwa. Hakukosa hata siku moja kwenda shamba. Watu wakasema, "Mama yenu ni jasiri." Na sisi tukaamini hivyo, kwa sababu ilitupunguzia wasiwasi.

Lakini kulikuwa na jambo dogo nililoliona mimi peke yangu, kwa kuwa ndiye kitinda mimba na ndiye niliyebaki karibu na nyumbani. Mama alikuwa bado anachaji simu ya Baba. Ni kitochi cha zamani, vitufe vimefutika namba. Kila jioni anakichomeka pale pembeni ya redio. Na kweli kuna watu walikuwa wanapiga: mtu wa Maswa hajasikia msiba, mtu aliyekuwa anadaiwa, mwanafunzi wake wa zamani anataka kusalimia tu. Mama anapokea. Anasikiliza. Kisha anajibu, "Mwenyewe hayupo, alitangulia mbele za haki mwezi wa tatu. Mimi ni mke wake."

Hasemi "nilikuwa mke wake." Anasema "ni."

Mwezi wa kumi, Kaka yetu mkubwa, anayeishi Mwanza, alifungua grupu. Mama anatimiza 60 Jumamosi tarehe 16 Novemba, tumfanyie sapraizi. Dada yetu wa Dodoma akaunga mkono hapo hapo. Tukapanga: ukumbi mdogo mjini, MC, sare za kitenge, keki yenye picha ya Mama, wajukuu wote waje. Mimi nikapewa kazi ya kuhakikisha Mama hajui chochote. Michango ikaanza kuingia, kianzio cha ukumbi kikalipwa.

Mtu wa kwanza kupinga alikuwa Shangazi, dada yake Baba. Alipiga simu, hakuandika. "Kaka yangu hajamaliza hata mwaka kwenye udongo, nyie mnaita MC?" Kaka akamjibu kwa heshima lakini kwa msimamo: arobaini ilishapita, tanga lilishaanuliwa, Mama amelia vya kutosha, na maisha lazima yaendelee. Halafu akaongeza maneno ambayo sote tuliyapenda: "Hata Baba mwenyewe angependa Mama afurahi."

Nami niliyapenda. Nikayarudia kwenye grupu. Leo ndiyo maneno ninayotaka tuyachunguze kwanza.

"Marehemu angependa"

Mara ngapi tumesema hivyo kwenye misiba? "Usilie, marehemu asingependa kukuona hivi." Tunasema kwa nia njema. Lakini angalia tunachofanya. Tunamchukua mtu ambaye hawezi tena kusema, tunamwekea maneno mdomoni, halafu tunayatumia maneno hayo kumnyamazisha aliye hai. Na mjane atabishaje? Akikataa kufurahi, anaonekana anapingana na mume wake mwenyewe.

Tena mara nyingi anayechoka na machozi ni sisi. Inachosha kuona mama yako amekaa kimya jioni nzima. Inatia hofu. Tunataka arudi kuwa yule mama wa zamani ili na sisi turudi kuwa watoto wa zamani. Kwa hiyo tunalipa ukumbi, tunaita muziki, na tunaita hiyo zawadi. Huenda ni zawadi kweli. Lakini kuna zawadi ambayo ndani yake imefichwa amri: sasa inatosha, changamka.

Shangazi naye tusimwache bila swali. Yeye alikuwa anatetea heshima ya kaka yake, na heshima kwa wafu ni jambo jema. Lakini je, heshima ya marehemu inapimwa kwa miezi ambayo mjane hajacheka? Kama ni hivyo, tumemgeuza mwanamke kuwa kibao cha kaburi. Anatakiwa asimame tu pale, aonyeshe kwamba aliyelala alikuwa mtu wa maana.

Kwa hiyo pande mbili zilikuwa zinagombana, na zote mbili zilifanana kwa jambo moja. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Mama.

Siri mbili siku moja

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, watu wameshafunga ng'ombe kwenye plau. Jioni moja nimekaa na Mama barazani tunabangua karanga za mbegu. Akaniambia, kama mtu anayetoa taarifa ya kawaida tu, "Jumamosi ya tarehe 16 nitachelewa kwenda shamba. Nimeweka nia ya Misa ya asubuhi kwa ajili ya baba yako. Wewe kama una kazi zako, usijisumbue."

Nikaganda. Tarehe ni ile ile. Yeye alikuwa na siri yake, sisi tuna yetu.

Nilijaribu kukwepa. Nikasema, "Mama, si ndiyo siku yako ya kuzaliwa? Siku 60 nzima... yaani miaka?" Nikachanganya maneno. Mama ananifahamu. Akaacha karanga, akaniangalia. Basi nikamwaga yote: ukumbi, MC, sare, keki. Nilivunja siri ya ndugu zangu, na Kaka alinikasirikia siku kadhaa. Lakini hata leo sijutii.

Mama hakukasirika. Alinyamaza, kisha akauliza, "Hiyo keki mmeandika nini?"

Nikamwambia, "Hongera Mama kwa miaka 60."

"Na baba yenu mmemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Hatukuwa tumemweka popote. Kwa kweli tulikuwa tumekubaliana kabisa kwenye grupu kwamba MC asimtaje, ili Mama asije akalia katikati ya shughuli.

Ndipo akanisimulia jambo ambalo hata Kaka hakulijua. Alipozaliwa mwaka 1964, Bibi hakuandika tarehe. Alikumbuka tu kwamba mvua za mwanzo zilikuwa zimeanza, na jina la nyumbani la Mama lilitokana na mvua hiyo. Tarehe 16 Novemba iliandikwa baadaye na padre, wakati wa ubatizo. Mama alikua bila kuijua wala kuijali. Mwaka 1986, yeye na Baba walipokwenda kuandikisha ndoa, walitakiwa kuleta vyeti vya ubatizo. Baba akasoma cheti cha Mama, akasoma ile tarehe kwa sauti, akasema, "Kumbe una siku yako." Kuanzia mwaka huo hakuisahau. Hakuwahi kununua keki. Kila tarehe 16 Novemba alileta sato, ikiwezekana wa Lamadi, wamefungwa kwenye mfuko, na kumwambia Mama, "Leo siku yako, usiwagawie watoto wote." Sisi tulikula samaki wale miaka yote na hatukujua tunakula bethidei.

"Kwa hiyo, mwanangu," Mama akasema, "mimi siku hiyo nilipewa na baba yako. Sasa mnataka niisherehekee kama vile nilijipa mwenyewe?"

Mezani Bethania

Usiku ule sikulala vizuri. Nilifungua Injili ya Yohane, sura ya 11, pale Lazaro anapofufuliwa. Wote tunajua kwamba Yesu alilia kaburini. Tunalisema sana kwenye misiba. Lakini tafakari kidogo: alilia akiwa anajua atakachofanya dakika chache baadaye. Alijua Lazaro anatoka. Bado akalia. Maana yake machozi hayapingani na tumaini. Mtume Paulo naye, anapowaandikia Wathesalonike kuhusu waliolala, hawakatazi wasihuzunike. Anachowakataza ni kuhuzunika kama watu wasiotumaini chochote. Kwa hiyo yule anayemwambia mjane, "Ukilia unaonyesha huna imani," anadai kitu ambacho Bwana mwenyewe hakukidai.

Sasa geuza ukurasa, nenda sura ya 12. Nyumba ile ile ya Bethania, watu wale wale waliolia, sasa wameandaa chakula cha jioni. Martha anahudumu. Lazaro ameketi mezani. Ni karamu, hakuna shaka. Na katikati ya karamu hiyo Maria anampaka Yesu miguu marhamu ya thamani, nyumba inajaa harufu, na Yesu analihusisha tendo lile na siku ya maziko yake. Yaani kwenye meza moja, jioni moja, kuna chakula, kuna furaha ya aliyerudi, na kuna harufu ya maziko. Anayetaka kuiondoa harufu ile mezani, kwa hoja nzuri kabisa za bajeti, ni Yuda.

Sisemi ndugu zangu walikuwa Yuda, hapana! Ninachosema ni kwamba tulidhani karamu safi ni ile isiyo na harufu ya kifo. Bethania inatuonyesha meza ya namna nyingine.

Na kama unafikiri mambo haya ni ya Biblia tu, mkumbuke Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu, aliyezaliwa Tagaste katika nchi inayoitwa leo Algeria. Tarehe 13 Novemba mwaka 386 alitimiza miaka 32. Alikuwa Cassiciacum, karibu na Milano, bado hajabatizwa. Aliwaita watu wa nyumbani kwake kwenye chakula chepesi cha siku yake ya kuzaliwa: mama yake Monika, ambaye alikuwa mjane kwa miaka mingi, ndugu yake, mwanawe Adeodatus, na jamaa wengine. Baada ya kula hawakucheza muziki. Walikaa wakajadili, kwa siku tatu, swali moja: mtu mwenye heri ni nani? Mazungumzo yale aliyaandika, na kitabu chake tunacho hadi leo.

Walikubaliana kwamba hakuna mwenye heri ambaye hana anachokitaka. Je, kila mwenye anachokitaka ana heri? Monika ndiye aliyejibu. Alisema, kwa maana yake, kwamba mtu akitaka mema na akayapata ana heri, lakini akitaka mabaya, hata akiyapata yote, ni maskini tu. Mwanawe msomi alishangaa: mama ambaye hakusomea falsafa amefika kilele chake. Mwishowe wakakubaliana kwamba mwenye heri ni yule aliye na Mungu.

Mwaka uliofuata, 387, Monika alifariki Ostia, njiani kurudi Afrika. Alikuwa amejiandalia kaburi kando ya mume wake huko nyumbani, na kwa miaka alitamani alale pale. Mwishoni akawaambia wanawe mwili wake wauzike popote, wamkumbuke tu kwenye altare ya Bwana. Kijana Adeodatus alipolia kwa sauti wakamnyamazisha. Augustino naye akazuia machozi yake siku nzima, akaona si sawa kumlilia mtu aliyekufa katika imani. Alikwenda hata kuoga akitumaini huzuni itaondoka na maji. Haikuondoka. Baadaye, akiwa peke yake mbele za Mungu, akayaachia. Na alipoandika Maungamo yake, hakuona aibu kukiri kwamba alimlilia mama yake. Zile siku tatu za mazungumzo ya heri hazikumzuia kulia, na kulia hakukuyafanya mazungumzo yale kuwa uongo.

Lakini je, kilio kinaweza kuzidi?

Hapa lazima tuwe wakweli. Kuna huzuni inayogeuka gereza. Papa Fransisko, katika waraka wake wa kitume kuhusu familia, Amoris Laetitia, wa mwaka 2016, aliweka sehemu nzima juu ya familia iliyofiwa. Anasema maombolezo yanachukua muda, na anayemsindikiza aliyefiwa inabidi aende kwa mwendo wa yule aliyefiwa. Lakini pia anaonya kwamba kuurefusha uchungu kana kwamba ndiyo heshima tunayompa marehemu hakumsaidii mtu. Aliyebaki bado ana kazi aliyopewa na Mungu.

Kwa hiyo Kaka alikuwa na hoja. Mama ana wajukuu. Ana Jumuiya. Ana shamba. Mungu hajamwacha hapa kwa bahati mbaya.

Lakini naona tofauti kati ya kurefusha uchungu na kuendelea kupenda. Kanisa linafundisha wazi kwamba kifungo cha ndoa kinaisha kwa kifo. Mjane yuko huru, hata kuolewa tena katika Bwana, kama Paulo anavyowaandikia Wakorintho. Lakini Paulo huyo huyo anawaambia Wakorintho hao hao kwamba upendo hauna mwisho. Ndoa inaisha, upendo hauishi. Mama anaposema kwenye simu, "Mimi ni mke wake," hakosei katekisimu. Anatamka ile sehemu ambayo haikuzikwa.

Fikiria Mama Maria Nyerere. Mwalimu alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, na tangu hapo kila mwaka siku hiyo nchi nzima iko mapumzikoni. Tarehe 13 Aprili 2022 ilitimia miaka 100 tangu Mwalimu azaliwe, na mjane wake alikuwa hai kuiona, zaidi ya miaka 22 baada ya kumzika. Sisi tuliisikia kama siku ya taifa. Kwake ilikuwa bethidei ya mume. Sijui moyoni mwake siku hiyo kulikuwa na nini, wala si kazi yetu kukisia. Ninachokiona ni kwamba siku ya kuzaliwa ya mtu aliyekufa bado ni siku ya kuzaliwa. Hatuachi kushukuru kwamba fulani alizaliwa eti kwa sababu amekufa. Na kama tunaweza kushukuru kwa ajili ya marehemu, basi shukrani na msiba vinaweza kukaa nyumba moja.

Kwa Mkatoliki hili lisingetakiwa kuwa geni. Ekaristi maana yake ni shukrani. Na tunachokumbuka katika shukrani hiyo ni kifo. Kila Jumapili tunafanya mambo yote mawili kwa wakati mmoja, halafu tukirudi nyumbani tunadhani hayawezekani.

Ilivyokuwa siku yenyewe

Nilimpigia Kaka. Tulizungumza kwa ukali, kisha kwa upole. Ukumbi ulifutwa. Kianzio hakikurudi, na hadi leo Kaka akitaka kunitania ananikumbusha. Mama alirudi ofisi ya parokia, akaomba waongeze mstari chini ya ile nia: kumwombea marehemu mume wake, na kumshukuru Mungu kwa miaka 60 ya uhai.

Jumamosi asubuhi tukawa kanisani wote, benchi mbili. Dada alikuwa amefika usiku na basi, macho mekundu. Wanajumuiya walikuja, na Shangazi alikuja, amekaa nyuma. Baada ya Misa tukaenda kaburini. Hatukukaa sana. Mama aling'oa majani yaliyoota na mvua, akasali kimya, akasema, "Haya, twendeni, samaki wataharibika." Kaka alikuwa amepita Lamadi alfajiri.

Nyumbani kulikuwa na ugali, sato, mlenda, maziwa mgando, na keki. Ndiyo, keki ilikuwepo, ndogo, kwa ajili ya wajukuu. Haikuwa na picha. Kabla ya kula, Kaka alisimama akasimulia habari ya kile cheti cha ubatizo cha mwaka 1986, kwa sababu Mama alimruhusu. Alipofika pale Baba anaposema, "Kumbe una siku yako," sauti ikamkatika. Kaka yangu ni mtu mzima, na sijawahi kumwona vile hata siku ya mazishi. Tukangoja. Hakuna aliyemwambia nyamaza.

Halafu mjukuu mmoja wa miaka mitano akauliza, "Kwani Babu naye alikula samaki wote peke yake?" Mama akacheka. Alicheka kabisa, kile kicheko chake cha zamani. Kisha akashtuka, akaziba mdomo na kanga, akatazama huku na huku kama mtu aliyekamatwa. Na macho yake yalimwendea Shangazi.

Shangazi, yule yule aliyepiga simu, akaweka sahani chini. "Cheka, wifi yangu," akasema. "Kaka alikuoa kwa sababu ya hicho kicheko."

Wakalia wote wawili, wakiwa wanacheka. Tukakata keki.

Jioni wageni wakaondoka. Mama akaosha mikono, akaenda pembeni ya redio, akachomeka kitochi cha Baba kwenye chaji. Sikusema kitu. Kaka naye aliona, hakusema kitu.

Tunajifunza nini?

Sina kanuni, ila nina mambo matatu ya kuwashirikisha.

Kwanza, muulize. Sapraizi ni nzuri kwa mtu mwenye moyo mzima. Kwa mtu mwenye jeraha, uliza kabla ya kumgusa. Na hata ile picha ya siku hiyo, kabla ya kuiweka status, muulize. Machozi ya mama yako si mali yako.

Pili, mtaje marehemu. Tunaogopa kutaja jina tukidhani tutamkumbusha. Kwani alisahau? Ukimtaja, unampa aliyefiwa nafasi ya kuacha kuubeba ukumbusho huo peke yake.

Tatu, rudi tarehe 17. Siku kubwa ina watu wengi. Kesho yake ndiyo nyumba inakuwa kimya. Kama huwezi kufika, piga simu, tena usipige kwa ajili ya kuuliza, "Mama uko sawa?" Piga umweleze umekula nini.

Maswali ya kutafakari wiki hii: Je, kuna mtu nyumbani kwetu ambaye tumempangia siku ya kuacha kulia? Je, kuna ambaye tumemnyima ruhusa ya kucheka? Mara ya mwisho kumwekea marehemu wako nia ya Misa ilikuwa lini?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliyelia kaburini kwa rafiki yako na ukaketi tena mezani kwake, waangalie wajane na wagane wa nyumba zetu. Siku zao kubwa zikifika, kaa nao mezani. Wapokee wapenzi wao waliotangulia katika amani yako. Na sisi watoto utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Amina.

Mbarikiwe sana, na mumsalimie Mama.